Gesi ya Shimo la Papa Kasereka

Siku niliporudisha ufunguo wa maabara, wenzangu vijana walinifanyia sherehe ndogo ya soda na sambaza, visamaki vya ziwa letu, za kukaanga, kisha Josué akasimama akasema kwa niaba yao: "Mama Katungu, utuandikie. Lakini usituandikie vyeo. Ya vyeo tunaijua, na haifundishaka mutu kitu. Utuandikie gesi."

Basi naandika gesi. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini, akaulize ofisi ya wafanyakazi, kama bado wanakumbuka walikoweka faili.

Kazi yetu ni ya ajabu kidogo kuieleza kwa mtu wa nje. Ofisi iko Himbi, mtaa wa Goma, chini kabisa, karibu na maji. Tunafuatilia gesi zilizomo ndani ya Ziwa Kivu na zile zinazotoka ardhini upande wa magharibi, kuanzia ziwa dogo la Lac Vert kuelekea mji wa Sake. Kuzipima ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni kujua asili yake: imetoka wapi, imetengenezwa na nini, na imekaa huko chini muda gani. Nilipokuwa napanda basi kutoka Butembo na diploma yangu ya kemia, nilidhani swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani na watu wenye akili. Nilikuwa naenda tu kuangalia sindano za mashine.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ofisini, vya kisigino. Nilikuwa nimeambiwa "ofisi", nikavaa kama mtu wa ofisi. Papa Assumani, aliyekuwa mkuu wa maabara, alinitazama miguuni, akanipa ndara za mpira zilizokuwa zinanizidi ukubwa, akaniambia nimfuate kwenye boti.

Papa Assumani alikuwa mtu wa Goma, mzaliwa wa familia ya Kiislamu iliyotoka Kasongo. Baba yake aliendesha lori. Yeye alisoma kemia Kisangani, akaenda kusoma zaidi ng'ambo, akarudi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na hakupenda haraka. Kila tulipotoka gatini alisema bismilahi, nami nikafanya ishara ya msalaba. Alipoona hivyo siku ile ya kwanza alisema, "Vizuri. Boti iko na asiransi mbili," yaani bima mbili.

Tulifika mahali ambapo maji yanabadilika rangi kwa sababu ya kina. Papa Assumani akanionyesha chupa ya kuchotea: bomba nene lenye mfuniko huku na huku, linashushwa likiwa wazi, kisha unaachilia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba mpaka kiigonge chupa ijifunge hukohuko chini. Winchi ilikuwa ya mkono. Nilizungusha mpaka mabega yakawaka. Chupa ilipotoka majini, ilikuwa inachemka ingawa ilikuwa ya uvuguvugu tu, kama Fanta iliyotikiswa. Harufu ya yai bovu ikajaa boti. Papa Assumani akafungua bomba dogo juu ya chupa, akawasha kiberiti, na pale mdomoni pa chupa ukasimama mwali wa buluu, mwembamba, ambao mchana ule karibu usionekane.

"Maji yanawaka," nilisema. Sikupata la maana zaidi.

"Inatoka wapi?" akaniuliza.

Nikajibu kama shuleni. Nikasema metani hutokana na vitu vilivyooza kwenye tope, mwani na samaki waliokufa, vikiliwa na vijidudu visivyohitaji hewa.

"Nani alikuambia?"

"Kitabu, Papa."

"Kitabu hicho kilichota maji hapa?"

Nikasema sijui.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Anza na hapo. Andika sijui, kisha tufanye kazi."

Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu, na sikumbuki siku aliyonipa jibu bila kwanza kunizungusha winchi.

Nitawaambia alichonifundisha, kwa sababu vijana wa sasa mna vipimo vinavyolia vyenyewe na mnaweza kudhani kipimo kinajua kitu. Alinifundisha kwamba chupa yenye tone moja la hewa ya kawaida ndani yake ni chupa ya uongo, ni bora kuivunja kuliko kuipeleka. Alinifundisha kuandika lebo kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia majini. Zaidi ya yote alinifundisha kutoamini pua. Ile harufu ya yai bovu inatisha watu, na kweli si nzuri, lakini inayoua wengi upande wetu haina harufu wala rangi. Ni gesi kaboni, ile ile inayotoka kwenye pumzi yetu na kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa. Inatambaa chini, inajaa mashimo na mabonde madogo kama maji yasiyoonekana, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Watu wetu wanaiita mazuku. Anayeingia ndani yake anapumua, lakini anachovuta hakimsaidii. Anaanguka kabla hajajua kuwa ana shida.

Mashine ya kupimia asili ya gesi hatukuwa nayo, na hata leo Goma haina. Chupa zetu zilikwenda ng'ambo. Kuzipitisha mpakani ilikuwa kazi ya peke yake. Nakumbuka mtu wa forodha aliyeinua kimoja cha vile vichupa vya kioo, akakitazama kwenye mwanga.

"Ndani muko nini?"

"Hewa," nikasema. Papa Assumani alikuwa amenikataza kutamka neno gesi mbele ya forodha.

"Munatoa hewa ya Kongo, munapeleka Ulaya?"

"Ndiyo, Papa."

Akafikiri sana. "Kwao haiko?"

Majibu yalichukua miezi kurudi. Yaliporudi, Papa Assumani aliketi nami siku nzima akanifafanulia, na mimi nitawafafanulia nanyi kwa ufupi, maana ndiyo kiini cha kazi yetu.

Kaboni si ya aina moja. Ipo nyepesi na ipo nzito kidogo. Vijidudu vinapotengeneza metani hupenda ile nyepesi, kama mtoto anayechagua nyama na kuacha mboga ya sombe. Kwa hiyo metani iliyopikwa na vijidudu huwa na nyepesi nyingi, na iliyopikwa na joto la mwamba peke yake huwa na sura nyingine. Halafu kuna kaboni ya tatu, inayopatikana kwa vitu vilivyokuwa hai karibuni, nayo hupungua pole pole kadiri miaka inavyopita mpaka inakwisha. Mwani uliokufa mwaka jana unayo. Gesi iliyotoka chini kabisa, kwenye moto wa volkano, haina hata chembe.

Metani ya ziwa letu ilionekana imepikwa na vijidudu, hilo lilikuwa wazi. Lakini ile kaboni ya tatu ndani yake ilikuwa kidogo mno kuwa ni ya mwani mtupu. Maana yake, vijidudu vile havikula mabaki ya mwani peke yake. Vilikula pia gesi kaboni ya zamani iliyopanda kutoka chini ya volkano, vikaigeuza kuwa metani. Gesi ile ina wazazi wawili, tope na moto. Kila mmoja alichangia kiasi gani, wataalamu bado wanagombana, na nimestaafu kabla hawajamaliza. Mnaobaki, mniletee habari.

Katika miaka yote hiyo watu hawakuniuliza habari za kaboni. Waliuliza petroli. Nikitoka misa, mtu ananishika mkono: "Mama Katungu, ni kweli chini ya Kivu kuko petroli?" Nikiwa sokoni Virunga, vile vile. Swali hilo ndilo lililoleta kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na nimeiweka mwisho kwa sababu ilitokea mwishoni, Papa Assumani akiwa ameshastaafu na mimi nikiwa nimeketi kwenye kiti chake.

Shefu wa kijiji kimoja kando ya barabara ya Sake, kupita Lac Vert, alinipigia simu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anachimba shimo akisema amepata petroli, na vijana wa kijiji wote walikuwa wameacha mashamba. Nikaenda na Josué, wakati huo akiwa bado mpya kazini.

Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa Papa Kasereka. Nilimfahamu. Alikuwa mtu wa Butembo kama mimi, aliyewahi kufanya biashara ya vitambaa pamoja na marehemu baba yangu, na kwenye arusi yangu alikaa meza ya wazee. Alinipokea kwa furaha ya kweli, akaniletea kiti cha plastiki katikati ya shamba la maharagwe.

"Mutoto yangu, Mungu njo amekutuma. Kuja uone."

Shimo lilikuwa mahali ardhi imebonyea, pembeni mwa shamba la mjane mmoja aitwaye Mama Riziki. Alikuwa amemruhusu Papa Kasereka kuchimba baada ya kukataa kwa muda mrefu. Walishakwenda chini kupita kimo cha mtu. Kando yake kulikuwa na kijito kidogo kinachovuja, na juu ya maji yake palitanda utando wenye rangi za upinde wa mvua.

"Unaona? Mafuta hiyo," alisema Papa Kasereka.

Nilichukua kijiti nikaugusa ule utando. Ukavunjika vipande vipande, kama sahani nyembamba, na vipande vikaelea kila kimoja upande wake. Nikamwita aangalie. Mafuta ukiyagusa hujikunja na kurudi kuungana. Utando unaovunjika ni wa chuma, kazi ya vijidudu vya majini. Nilimwonyesha mara ya pili, na ya tatu. Papa Kasereka hakuwa mjinga. Aliangalia, akafikiri, akasema:

"Sawa, hiyo si mafuta. Na gesi? Shimo inatoa gesi, inatokotesha maji. Pahali petroli iko, gesi inatangulia. Hivyo njo walisema kwa redio."

Lilikuwa swali zuri, na nilimwambia hivyo. Gesi inayofuatana na petroli huwaka. Basi nikafunga taa ya mafuta kwenye kamba, nikaiwasha, nikaishusha shimoni mbele ya watu wote. Haikufika chini. Ilipofika kama usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama mle chini, mwali ulilala, ukazima bila moshi, kama umefunikwa na kiganja. Vijana wakarudi nyuma.

Mmoja wao, Shukuru, ambaye ndiye aliyekuwa anashuka kuchimba, aliuliza kwa sauti ndogo, "Mimi naingiaka mule namna gani na sikufe?"

"Munachimbaka saa gani?"

"Saa ya upepo. Muchana."

"Upepo njo unakuponyesha. Siku hakuna upepo, utabakia mule."

Mama Riziki alikuwa amesimama na jembe lake mbali kidogo. Akasema, bila kumtazama mtu, "Niliwaambia. Imbwa zangu zinakufiaka pale. Nilisema hii shimo itakula mutu." Yale maneno yake nayaandika kama yalivyosemwa, kwa sababu baadaye watu waliyageuza.

Nilimwomba Papa Kasereka afukie shimo. Sikuwa na uwezo wa kumlazimisha, kwa kuwa sisi ni watu wa kupima tu. Shefu naye aliamuru kazi isimame. Papa Kasereka akakubali, akatupa soda kila mmoja, akanishika mkono. Kabla ya kuondoka nilimwambia Shukuru kando: kama watakurudisha mule, usishuke bila kamba kiunoni. Josué alinisikia, akaniuliza garini kwa nini nimesema hivyo na kazi imeshasimamishwa. Nilimjibu kwamba nimemwona Papa Kasereka akilitazama shimo wakati wa kutuaga.

Haikupita juma. Asubuhi moja isiyo na upepo hata wa kutikisa jani la ndizi, shefu akapiga simu akipiga kelele. Tulikuwa njiani kwenda kupima Lac Vert, tukafika upesi tukiwa na kipimo cha gesi na kamba na ndoano ya kuvulia vifaa vilivyozama ziwani, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa garini.

Kilichotokea tuliambiwa kwa vipande. Papa Kasereka alikuwa amewarudisha vijana kazini, na Shukuru alishuka, kamba kiunoni kama nilivyomwambia. Akapiga sululu kidogo, akaketi, akaanguka ubavu. Walio juu wakavuta, kamba ikakwama kwenye jiwe lililochomoza. Rafiki yake, kijana wa rika lake aitwaye Bahati, hakungoja. Aliruka ndani, akaikwamua kamba, wakamvuta Shukuru juu. Wakati wanamlaza chini na kumpepea, Bahati alikuwa hajatoka. Walipochungulia, alikuwa amelala kifudifudi.

Shukuru alikuwa anatapika na kulia. Huyo alikuwa amepona. Papa Kasereka alikuwa amevua koti na viatu, mguu mmoja tayari ukingoni mwa shimo.

Nilimshika shati. "Papa, usishuke!"

"Niachilie! Mutoto wa mutu iko mule!"

"Ukishuka tutapata maiti mbili. Papa Kasereka, niangalie. Maiti mbili!"

Alikuwa na nguvu, mzee yule. Josué alimkumbatia kutoka nyuma, na wote watatu tukaanguka kwenye maharagwe. Kipimo changu kilikuwa kinalia mfululizo shingoni mwangu kwa sababu tulikuwa chini. Nikapiga kelele tusimame, sote tusimame, watu warudi nyuma. Kisha tukalala juu ya ubao, vichwa vikiwa juu ya ukingo, tukamvua Bahati kwa ile ndoano, kwa mkanda wake. Josué alimpulizia pumzi mpaka yeye mwenyewe akaanza kuyumba. Bahati hakurudi.

Kabla ya kuondoka pale nilichota gesi ya shimo kwenye vichupa vyetu, nikiandika lebo kwa penseli huku Josué akinishikia kichupa. Mtu mmoja alinitazama kama naiba. Lakini nilijua kitakachoulizwa.

Na kiliulizwa, ila kwa namna nyingine. Siku ya tatu ya matanga shefu alinipigia tena. Vijana walikuwa wanasema Mama Riziki ndiye aliyemuua Bahati. Alisema wazi shimo litakula mtu, nalo likala. Alikuwa mjane, hakuwa na mtoto wa kiume karibu, na shamba lake lilikuwa zuri. Walikuwa wameshampa onyo aondoke, la sivyo wangechoma nyumba. "Unipatie mutu mwenye anaweza kusema na mama ya marehemu," shefu alisema. "Mimi hawanisikilize tena."

Nilikwenda. Kulikuwa na moto wa kuni katikati ya ua, mabenchi ya kanisa, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Mama yake Bahati alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa kiunoni kwa nguvu kama mtu mwenye kazi ya kufanya. Nilimpa pole. Nikaanza kueleza kwamba ile ni gesi ya volkano. Kijana mmoja akanikatiza.

"Ninyi watu ya biro, watu ya ofisi, munajuaka kupima tu. Hamujue vitu ya kijiji. Gesi iko kila siku. Juu ya nini siku ile? Juu ya nini Bahati?"

Wengine wakaunga mkono. Nilisema upepo haukuwepo, lakini nilijisikia mwenyewe kwamba sauti yangu ilikuwa ya ofisini. Ndipo mama yake Bahati akainua uso.

"Mama," akaniambia, "mimi nauliza kitu moja tu. Ile kitu ilimuua mutoto yangu, inatoka wapi?"

Niliulizwa swali hilo maisha yangu yote ya kazi, na wasimamizi, na wanafunzi, na wageni wenye kamera. Sikuwahi kuulizwa na mtu aliyelihitaji namna ile.

"Inatoka chini sana," nikasema. "Chini ya mawe, pahali moto ya volkano iko. Hakuna mutu anaweza kuituma. Kama unakubali, kesho asubuhi nitakuonyesha."

Akakubali. Vijana wakasema nao watakuja. Nikasema waje wote, ndiyo heri.

Asubuhi ilikuwa tulivu na ya baridi. Kwanza tulikwenda shimoni. Nilishusha taa, ikazima palepale ilipozima mara ya kwanza. Mama yake Bahati akaomba kamba, akashusha taa mwenyewe, ikazima, akaipandisha, akaniomba niiwashe tena. Alifanya hivyo mara kadhaa. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha nikawapakia garini, yeye na wale vijana waliokuwa na kelele zaidi, tukaenda upande wa pili wa Lac Vert, kwenye bonde dogo la mawe ya lava ambalo nilikuwa nalipima tangu siku za Papa Assumani. Hakuna shamba pale, hakuna nyumba. Katika nyasi palikuwa na ndege wawili waliokufa, mabawa hayajaguswa. Nikamkabidhi mama kamba na taa.

Taa ikazima.

Mama yake Bahati akaipandisha. "Hapa ni shamba ya nani?"

"Ya hakuna mutu."

"Mama Riziki anafikaka hapa?"

Niliwageukia vijana, wao wajibu. Yule aliyenikatiza matangani alijikuna shingo. "Hafikake, Mama. Miguu inamuumaka. Mwisho anafikaka kwa soko."

Tukashuka mpaka Ziwa Kivu, si mbali. Nikawaonyesha mapovu yanayopanda mfululizo kati ya mawe, kwenye maji safi. Nikakinga chupa juu yake mpaka ikajaa, nikaingiza njiti inayowaka, ikafa. Nikawaambia ni hiyo hiyo, na upande wa Sake ni hiyo hiyo, na kabla hakujakuwa na kijiji wala shamba wala Mama Riziki ilikuwa inapanda vivyo hivyo.

Yule kijana akaketi juu ya jiwe akaficha uso. Baadaye nilijua alikuwa mmoja wa waliovuta kamba.

Mama yake Bahati hakulia. Alisema, polepole, kana kwamba anapima kila neno: "Basi hakuna mutu."

"Hakuna, Mama."

"Ilikuwa nyepesi kidogo wakati mutu alikuwako."

Kemia yangu ilikuwa imemwondolea mtu wa kumchukia na haikumpa kitu badala yake. Wenzangu vijana, siku mtakapoeleza asili ya kitu kwa mtu aliyefiwa, msitegemee ashukuru. Kaeni naye tu. Mimi nilikaa naye juu ya mawe yale mpaka upepo ulipoanza na mawimbi madogo yakawa yanapiga miguu yetu.

Majibu ya ng'ambo yalirudi baada ya miezi. Kaboni ya shimo lile haikuwa na chembe ya ile inayopungua kwa miaka, na heliamu iliyofuatana nayo ilikuwa ya aina inayotoka chini ya ganda la dunia, sawa na ya mdomo wa volkano ya Nyiragongo. Petroli, hapana. Nilipeleka majibu mwenyewe, nikamweleza shefu, nikamweleza Papa Kasereka, ambaye aliyasikiliza akiwa ameinamisha kichwa na hakuuliza habari ya mafuta tena.

Lakini kijiji hakikungoja karatasi zangu. Nakumbuka siku shimo lilipofukiwa, muda mfupi baada ya matanga kwisha. Papa Kasereka alileta lori la mawe ya lava, naye akashuka kuyabeba pamoja na vijana, mzee wa suti, jasho likimtiririka. Ilikuwa saa za upepo, nilikwisha kuwapangia. Shukuru alikuja, akasimama mbali, hakuweza kusogea. Mama Riziki alikuwa ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa. Tangu vitisho vile hakuwa anatoka mchana.

Mama yake Bahati alivuka shamba la maharagwe, akapiga hodi. Hatukusikia walichosema. Walikaa ndani kwa muda, na watu wote, mawe mikononi, tukabaki tumesimama tukiangalia ule mlango kama wajinga. Kisha wakatoka. Mama Riziki alikuwa anatembea kwa shida, mama yake Bahati amemshika kiwiko. Wakafika ukingoni. Mama yake Bahati akaokota jiwe, si kubwa, akamwekea Mama Riziki mkononi, akaokota na lake.

"Turushe pamoja," akasema. "Halafu twende unipikie chai. Sijakula kitu tangu jana."